Mguu wa Kanana, Jina la Shiru

Kanana alipokuwa na miaka saba alilazwa hospitalini Houston kwa jina la binamu yake. Hiyo haikuwa siri katika familia. Kila mtu alijua, naye alijua kuliko wote, maana manesi walipoingia chumbani kumwita Shiru, yeye ndiye aliyepaswa kuitika. Ila hakuna aliyelizungumza, na jambo lisilozungumzwa kwa miaka mingi huanza kufanana na jambo lililokwisha.

Alikuwa ameletwa Marekani na mama yake, Celestine, kwa viza ya matembezi. Walifikia Alief, mtaa wa Houston, kwa Everline, dada mkubwa wa Celestine, aliyekuwa nesi katika nyumba ya kutunzia wazee. Everline na mumewe Wanjohi walikuwa na mtoto mmoja tu, Shiru, ambaye alimzidi Kanana kwa miezi michache. Viza iliisha na wageni wakabaki. Celestine akapata kazi ya kuogesha wazee majumbani mwao, analipwa mkononi, na wasichana wawili wakawa wanalala kitanda kimoja na kuvaa nguo moja kwa zamu.

Geti la pale walipopanga lilikuwa la chuma, la kuteleza juu ya reli. Gari likikaribia lilijifungua lenyewe, na watoto walilidandia ili liwabebe. Lilikuwa limelegea siku nyingi na wapangaji walikuwa wamemlalamikia mwenye nyumba, naye hakulitengeneza. Jumamosi moja mwaka 2006 likachomoka kwenye reli na kumwangukia Kanana. Paja la kulia likavunjika, karibu kabisa na nyonga.

Everline peke yake ndiye aliyekuwa nyumbani. Ambulensi ilipofika wakamuuliza jina la mtoto, naye akataja la bintiye, kwa sababu bintiye alikuwa na bima na Kanana hakuwa na chochote. Hakufikiri zaidi ya hapo. Baadaye alikuja kujua kwamba hospitali ingempokea mtoto yule hata bila kadi, lakini siku hiyo aliona mfupa umetokeza nje, na kadi ilikuwa kwenye pochi yake.

Madaktari wakamtia Kanana chuma ndani ya mfupa. Na jina likishaandikwa hospitalini halitoki kirahisi. Wakili mmoja alisikia habari za geti, akaja hadi kitandani, akasema mwenye nyumba lazima alipe. Wanjohi aliogopa kumkatalia na aliogopa kumkubalia. Mwishowe akatia sahihi. Kesi ikafunguliwa kwa jina kamili la Shiru, Wanjiru Wanjohi, mtoto, kupitia kwa wazazi wake.

Mwenye nyumba hakutaka mambo yafike mbali, akakubali kulipa fidia. Ilibaki hakimu kuidhinisha. Siku ya kwenda mahakamani, Everline alimfundisha Kanana ndani ya gari: ukiulizwa jina, sema Wanjiru. Kanana alisema, na hakimu akamwambia ana jina zuri. Everline na Wanjohi walisimama mbele kama wazazi. Celestine, aliyemzaa, alikaa benchi la mwisho na mkoba magotini. Hakimu alisema fedha zitunzwe na mahakama mpaka mtoto atimize miaka kumi na minane, kisha akaita kesi nyingine. Walipotoka, Celestine alimbeba mtoto wake mpaka kwenye gari, ingawa mtoto alikuwa na magongo na alikuwa amekuwa mzito.

Miaka michache baadaye baba yao Celestine na Everline alifariki huko Kenya. Celestine akaenda kumzika akijua kwamba hatarudi, akamwachia dada yake mtoto ili asikatishwe shule. Alipofariki yeye mwenyewe, Kanana alikuwa bado hana karatasi za kumwezesha kusafiri. Aliyatazama mazishi kwenye simu, mtandao ukikatika kila mara, na jeneza lilishushwa wakati picha imeganda.

Karatasi alizipata baadaye kwa ndoa ambayo haikudumu. Ndoa hiyo ndiyo iliyompeleka Euless, mji ulio mbali kaskazini, karibu na uwanja mkubwa wa ndege. Ilipovunjika alibaki huko huko, akafanya kazi katika jiko kubwa linalopika chakula cha abiria wa ndege. Kazi yake ilikuwa kupanga trei, amesimama juu ya sakafu ya saruji zamu nzima, kwenye ubaridi wa kuhifadhia chakula.

Mguu ulianza kumsumbua kidogo kidogo. Kwanza aliona unachoka mapema. Kisha akaanza kuamka asubuhi akiwa hawezi kuukunja, na akiwa kazini anaegemea meza ili msimamizi asione. Daktari wa mifupa alipoangalia eksrei alisema kile chuma kilipaswa kutolewa zamani, mtoto alipokuwa angali anakua. Hakuna aliyethubutu kumrudisha hospitalini kwa jina lile, na sasa mfupa ulikuwa umekimeza. Kikiendelea kukaa kitaiharibu nyonga yote, na akiwa na miaka thelathini atakuwa anatembea kama bibi. Lakini ili kukitoa alihitaji ripoti ya operesheni ya zamani. Kila kiwanda kina vyuma vyake na vifaa vyake vya kuving'oa, alisema, na bila kujua ni cha nani angekuwa kama fundi anayefungua nati akiwa amefumba macho.

Kanana akaanza kuitafuta ripoti. Alipiga simu hospitali akataja jina lake, hawakumwona. Akataja la Shiru; akaambiwa majalada ya watoto wa miaka ile yameshaharibiwa, kwa kufuata sheria. Wakili aliyesimamia kesi alikuwa amefariki na ofisi yake sasa ilikuwa duka la kupaka kucha rangi. Ilibaki mahakama. Akaomba ruhusa kazini, akaendesha gari kushuka kusini, akipita Corsicana na Huntsville, mguu ukimuuma kila alipokanyaga mafuta, mpaka Houston.

Karani aliyemhudumia alikuwa mama wa makamo, mtaratibu. Alilipata jalada upesi, akamweleza Kanana kwamba kesi za aina hiyo mtu yeyote anaweza kuzisoma, akamketisha mbele ya kompyuta. Kanana alidhani angekuta makaratasi mengi. Hayakuwa mengi. Palikuwa na mashtaka, majibu ya mwenye nyumba, na picha ya paja la mtoto lenye mshono, bila uso. Alilitazama lile paja kwa muda mrefu. Alilijua, na hakuna mtu mwingine katika jengo lile ambaye angeweza kuthibitisha kwamba ni lake.

Kisha akafika kwenye taarifa ya wakili ambaye mahakama ilimteua kumtetea mtoto. Wakili huyo aliandika kwamba alimtembelea hospitalini mara mbili, kwamba mtoto ni mkimya, na kwamba wazazi wanaonekana watu waangalifu. Chini yake aliongeza kwamba mama mdogo wa mtoto, ambaye jina lake hakupewa, huwa hapo kila siku, na kwamba anaonekana kuumia kuliko wazazi wenyewe.

Kanana aliyasoma maneno hayo mpaka kompyuta ikazima kioo. Akagusa kitufe ikawaka, akayasoma tena. Katika nchi hii mama yake hakuwahi kuandikwa popote, si kazini, si kwenye mkataba wa nyumba. Hapa alikuwa ameandikwa, bila jina, kama mama mdogo wa mtoto wake mwenyewe. Akalipia ukurasa ule uchapishwe.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa hati ya kutoa fedha. Shiru alikuwa amezichukua akiwa ameshatimiza miaka kumi na minane, Septemba 2017. Sahihi ilikuwa yake. Kanana aliijua tangu walipokuwa wakiandika majina yao kwenye madaftari. Aliufahamu na ule mwezi pia, kwa kuwa ulifuata mafuriko makubwa. Alirudi kaunta akasema anatafuta ripoti ya daktari.

Karani akaangalia. Akasema ripoti ipo, iliwasilishwa siku ile ya hakimu kuidhinisha fidia, lakini ilifungwa kwa amri ya mahakama kwa kuwa ni habari za matibabu ya mtoto. Wa kuifungua ni mtoto mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima. Atamwomba hakimu, chini ya kiapo.

"Wewe ndiye Wanjiru?" karani aliuliza.

Kitambulisho cha Kanana kilikuwa mkobani na mguu wake ulikuwa pale chini ya kaunta. Alifikiri jinsi alivyolijibu swali hilo zamani, vizuri, bila kukwama.

"Hapana," alisema.

"Basi pole, siwezi kukusaidia."

Kutoka pale alikwenda kwa Shiru, Sugar Land, nje kidogo ya Houston. Shiru alikuwa nesi kama mama yake, ameolewa, ana nyumba yenye nyasi zilizokatwa vizuri. Alifurahi kumwona, akamtengea kiti na stuli ya kuwekea mguu, kwa kuwa alikuwa muuguzi na aliona anavyotembea. Kanana alimweleza yote, ya chuma, ya ripoti iliyofungwa, na mwisho, kwa sauti ya chini, ya ile sahihi.

Shiru hakukana. Alisema Dad ndiye aliyempeleka, baada ya maji kutoka. Nyumba waliyokuwa wamenunua Alief ilikuwa imeingia maji mpaka madirishani, bima haikuwa ya mafuriko, na Wanjohi alikuwa analala kwenye gari nje ya nyumba yake ili wezi wasichukue kilichobaki. Alimwambia binti yake atie sahihi, kwamba atamrudishia Kanana mambo yakikaa sawa. Fedha zikawa kuta na sakafu. Kisha Wanjohi akafariki, nyumba ikauzwa kulipa madeni, na hakuna kilichokaa sawa.

Kanana aliikumbuka kazi ile. Alikuwa amebeba mbao za jipsamu za kuta zilizolowa kwa mikono yake, akizitoa vyumbani mpaka barabarani, na kuta mpya zilipowekwa alilala ndani yake zaidi ya mwaka mmoja. Alijaribu kukasirika, hakupata pa kuielekeza hasira. Kwa Wanjohi aliyekufa? Kwa maji?

"Pesa wacha zikae huko," alimwambia Shiru. "Mimi nataka hiyo ripoti. Twende na wewe kwa hakimu."

Shiru aliangalia mikono yake. "Niape nini, Kanana? Nikisema ni mimi, nimedanganya korti, na mimi niko na license ya unesi. Wakiniambia nionyeshe kovu, nitaonyesha nini? Nikisema ni wewe, nimempeleka Mum kwa serikali."

Akamweleza jambo ambalo Kanana hakuwa amelijua. Everline alikuwa ameomba uraia hatimaye, baada ya kuahirisha miaka na miaka, na alikuwa anangoja kuitwa kwenye usaili. Na huko wangemuuliza, kama wanavyomuuliza kila mtu, kama amewahi kumdanganya afisa yeyote wa serikali.

"Wakati huu si wa kuwachokoza," Shiru alisema. "Unaona vile watu wanachukuliwa na uhamiaji."

Kanana aliondoka bila ugomvi. Shiru alimfungashia chakula na dawa za kuchua, akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Usiku huo alilala Alief kwa Everline, aliyekuwa sasa mjane katika nyumba ya chumba kimoja. Shiru alikuwa ameshampigia mama yake simu. Everline alisonga ugali, akakaanga mboga, akangoja mpaka Kanana amalize kula ndipo akasema kwamba kesho wataenda mahakamani. Alisema kama mtu anayepanga kwenda sokoni. Yeye ndiye aliyetaja jina lile, kwa hiyo yeye ndiye atakayelifuta.

Kanana akamwomba kwanza wamuulize Elkana, wakili Mkenya waliyesali naye kanisa moja. Elkana aliwapokea ofisini kwake bila kuwatoza chochote. Aliwasikiliza hadi mwisho, na alipoanza kusema alichagua maneno. Kosa la bima na la mahakama pengine lilikuwa limepitwa na muda, alisema. Watu wa uhamiaji, hata hivyo, hawana muda unaopita. Mwanamke anayeomba uraia huku amekiri mbele ya hakimu kwamba alimfundisha mtoto kudanganya mahakama anaweza kunyimwa uraia, na wakishafungua faili lake wanaweza kuihoji hata kadi ya ukaazi aliyonayo. Huenda wasiulize. Wapo waliosamehewa. "Lakini siwezi kuwaahidi," alisema, "na nisingependa kumwona Mama Shiru kwenye kituo cha kufungia wahamiaji, umri huu, na presha aliyo nayo."

Walirudi kwenye gari. Jua lilikuwa kali, Kanana akawasha kiyoyozi lakini hakuondoa gari.

"Twende," Everline alisema. "Korti ni upande ule."

"Hapana, Anti."

"Huo mguu ni mimi niliupoteza kwa karatasi. Mama yako aliniachia mtoto mzima."

"Na wewe ukanilea."

"Ndiyo nasema twende."

"Ndiyo nasema hatuendi," Kanana alisema, akaondoa gari, akaelekea nyumbani. Everline alilia njia nzima na Kanana hakumbembeleza, kwa sababu kama angefungua mdomo angesema twende.

Alirudi Euless akamwambia daktari kwamba ripoti haipo. Daktari alisema anaweza kujaribu kwa kuangalia eksrei na kukisia, na kuagiza vifaa vya aina mbili au tatu, lakini asitegemee sana. Kanana alisema ajaribu. Msimamizi wake jikoni alikuwa ameshaona anavyoegemea meza, na hapakuwa na muda wa kungoja jambo jingine.

Walimfungua paja pale pale pa zamani. Vifaa havikuingia. Kichwa cha chuma kilikuwa na umbo ambalo daktari hakuwa amelikisia, na alipolazimisha kikaanza kulika, akaogopa kuupasua mfupa. Baada ya masaa mengi akafunga. Kanana alipoamka alimkuta amekaa pembeni ya kitanda badala ya kusimama, akajua kabla hajaambiwa. Daktari alisema sasa itakuwa vigumu zaidi hata kama ripoti ingepatikana, kwa sababu mahali pa kushikia pamelika.

Kidonda kilichelewa kupona. Jikoni walimngoja kwa muda ambao sheria iliwataka wamngoje, kisha wakampa nafasi yake mtu mwingine. Kodi ya Euless ilimshinda, akarudi Alief, akalala sebuleni kwa Everline kwenye kochi linalofunguka kuwa kitanda. Alipata kazi ya kupokea simu, amekaa, katika ofisi inayotuma wauguzi majumbani, siku chache kwa wiki. Siku nyingine hawezi hata hiyo.

Barua ya usaili wa Everline ilifika wakati Kanana angali kwenye magongo. Everline alikariri majibu ya historia na serikali kwa majuma, akanunua gauni la kitenge. Wiki hiyo hiyo ikaja barua nyingine ya kuahirisha. Baadaye akaitwa tena na ikaahirishwa tena, bila sababu, bila tarehe nyingine. Elkana husema wangoje tu, asipige simu sana asije akajivutia macho.

Shiru huja Jumapili baada ya kanisa. Huleta vyakula, humpima mama yake presha, kisha hupiga magoti kwenye zulia na kuangalia paja la Kanana, kovu la zamani na jipya, na kumfanyisha mazoezi ya nyonga kama alivyosomea. Mikono yake ni mizuri, haiumizi. Huzungumza habari za watoto na za bei ya vitu. Hakuna mmoja wao aliyewahi kutaja tena jalada lile, na Kanana anafikiri hawatalitaja. Mara moja alipiga simu mahakamani kuuliza hati zilizofungwa hutunzwa kwa muda gani kabla hazijaharibiwa. Aliyepokea alisema hajui, na kwamba inategemea.

Siku za kawaida wanabaki wawili. Everline hulala mapema, lakini husikia kochi linavyolia Kanana anapogeuka kutafuta upande usiouma. Wakati mwingine huita kutoka chumbani, kumuuliza kama ile siku wangegeuza gari wakaenda mahakamani, ingekuwaje. Kanana humwambia hajui. Kisha humuuliza kama amekunywa dawa yake ya presha, na Everline husema amekunywa.